Kabati Lililofika Ejo

Kamembe, baada ya alasiri

Zuhura wangu,

Salamu zikukute ukitoka kwa bibi yako kule Nyakarenzo, na vumbi lake bado miguuni. Sisi hapa wazima, kwa jinsi ulivyotuacha asubuhi. Baba yako ameenda Gitambi kuangalia mbao, au ndivyo alivyosema. Mimi nadhani amekimbia kuiona mizigo yako imepangwa mlangoni. Karakana imenyamaza. Nimekaa kwenye kile kiti tulichorudishiwa na mteja, chenye mguu mmoja mbishi, na nimechoka kiasi kwamba hata kalamu naiona nzito.

Sitakuambia ule nini huko Kigali, wala ulale saa ngapi, wala kwamba uswali. Hayo nimekuambia tangu ukiwa na meno ya maziwa, na kama hayakuingia basi hayataingia kwa barua. Habari za wanaume bibi yako atakuwa amekumalizia zote. Mimi nataka kukuambia habari za magari. Najua unacheka. Lakini kuanzia kesho ni wewe utakayepokea vitanda na makabati yetu huko, na ni wewe utakayechagua nani ayabebe. Kazi hiyo nimeifanya muda mrefu, na kuiharibu muda mrefu vile vile. Halafu ndani ya habari hizi za magari kuna jambo nililolijua leo mchana, na siwezi kukuacha upande basi bila kulijua. Nikikuambia kwa mdomo tutagombana kabla sijafika katikati. Kwa hiyo naandika, na utasoma kabla hujalala.

Unakumbuka ulipoanza kuweka picha za vitu vya baba yako kwenye simu. Nilikucheka. Nilisema nani atanunua kochi ambalo hajalikalia? Akatokea yule bwana wa Huye, akalitaka lile kochi jekundu la watu watatu, na kicheko changu kikaishia hapo. Tulikuwa tunajua kutengeneza, tunajua kuuza, ila hatukujua kufikisha. Nilikwenda kwenye dirisha la vifurushi la mabasi, yule kijana akatoka nje kuliangalia kochi, akalizunguka, akaniuliza kama abiria washuke ili lipande lenyewe.

Ndipo nikasikia kwamba kuna makamyo yanashusha mizigo hapa kisha yanarudi tupu, na anayerudi tupu hupakia kwa bei ya huruma. Nilimpata mmoja siku hiyo hiyo. Bei aliyoniambia ilikuwa ndogo hata nikadhani hakunisikia vizuri. Nilifurahi, nikarudi nyumbani natembea kama mtu aliyeokota kitu. Sikupanda kuangalia ndani ya ile kamyo. Ningepanda, pua yangu ingeniambia kwamba wiki nzima ilikuwa inabeba sambaza, dagaa wakavu wa ziwani. Yule bwana wa Huye alikuwa mtu wa utani, Mungu amjalie. Alinipigia akasema, "Mama, kochi limefika. Limebaki ugali tu."

Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi sikucheka, kwa sababu kitambaa kile hakikufulika, na baba yako alikivua chote na kukivalisha upya kwa hasara yetu. Wahenga walisema rahisi ni ghali, nami nilikuwa nikilisema neno hilo kwa wengine kila siku sokoni. Tangu hapo dereva namuuliza kwanza jana alibeba nini, bei baadaye. Ukimuuliza bei kwanza, moyo wako umeshaamua, na pua haisikilizwi tena. Saruji nayo usiidharau. Haina harufu, lakini inaingia kwenye mshono wa kitambaa na haitoki humo, na mteja akikaa anainuka na suruali ya fundi mwashi.

Baada ya sambaza nikaogopa, na mwoga naye huchagua vibaya. Nikakimbilia lile gari la kufungwa, jeupe, safi, dereva amechomekea shati. Gari la namna hiyo unalikodi lote, uwe na stuli moja au nyumba nzima. Nililikodi kwa ajili ya kitanda kimoja. Kitanda kilifika bila hata alama ya kidole, mteja akatusifu mbele ya watu wote kwenye simu, na sisi tukawa tumekitengeneza kwa raha ya kukitengeneza tu. Baba yako alinoa msumeno wiki nzima, na wewe unajua maana ya baba yako kunoa msumeno ambao una makali tayari.

Sasa nikuambie lililonichosha zaidi ya hayo, maana utalikuta huko kila siku. Ni neno kufika. Dereva akisema mzigo umefika, anamaanisha yeye amefika Nyabugogo, kwenye kituo cha mabasi, na anataka chai. Mteja akisikia mzigo umefika, anaangalia chumbani kwake aone kabati liko wapi. Kati ya Nyabugogo na chumba chake kuna mlima, kuna mtaa ambao kamyo haingii, kuna ngazi za ghorofa, na kila kimoja kina mtu wake anayetaka kulipwa. Mimi nililiacha neno hilo lielee tu hewani miaka yote, kila mtu analielewa kwa faida yake, halafu nashangaa kwa nini nagombana na watu waungwana. Wewe usiliache lielee. Uliza kufika ni wapi, mlangoni au barabarani, na nani anabeba kutoka hapo. Watakuona msumbufu. Afadhali msumbufu wa kabla kuliko wa baada.

Na baba yako alivyokataa bolti, unakumbuka? Nilimwomba atengeneze vitanda vya kufungua, viende vipande vipande, akasema kitanda chake si mfuko wa viazi. Alikasirika kweli. Nilimwacha na ufundi wake, tukaendelea kupeleka vitanda vizima kupitia msitu wa Nyungwe, kona baada ya kona, mvua juu, na kila mara mguu mmoja unafika umelegea. Ilibidi aone mwenyewe. Alisafiri siku moja nyuma ya kamyo pamoja na kitanda chake, akishikilia kichwa cha kitanda, na aliporudi, kabla hata hajavua koti, aliniuliza bolti zinauzwa wapi. Sikumcheka. Niliona alivyoshindwa kufungua vifungo vya koti kwa baridi, na nikajua na mimi nilimwacha afike huko kwa kuwa sikutaka ugomvi. Ndoa yetu imejaa mambo ya namna hiyo, mwanangu, kunyamaza kwa sababu ya kuchoka, na watu wanakuita mpole.

Sasa nifike kwa Mzee Gaspard.

Siku aliyokuja hukuwa nyumbani, kwa hiyo hujui alivyoingia. Alikuja kipindi nimekata tamaa, baada ya gari jeupe. Alikuwa na kamyo yake kuukuu, anapeleka ndizi Kigali na kurudi na chochote. Alisimama hapa mlangoni akaangalia kabati tuliloshindwa kulisafirisha, akaomba magunia, akaomba majani makavu ya mgomba, akaanza kuvisha zile kona moja moja kama mtu anayefunga bandeji. Bei yake ilikuwa ya kati. Mzigo ulikuwa unafika. Mtu akikupokea mzigo wako ulipochoka hivyo, unampenda, na ukishampenda huangalii tena turubai lake lina matobo mangapi. Mimi niliyaona matobo. Niliona pia kwamba siku hizi anaisogeza simu mbali na uso ili asome, na kwamba Nyungwe anaipita polepole mno kwa ajili ya macho. Sikumwambia. Nilijiambia ni heshima. Mtu anayekubebea mali za watu huna haki ya kumficha kwamba kazi inamshinda. Unamharibia yeye na unawaharibia wenye mali.

Halafu nikaongeza kosa juu ya kosa. Wateja walikuwa wananipigia mimi kuuliza mzigo uko wapi, mimi nampigia Gaspard, Gaspard ananijibu, mimi nawapigia wao, mpaka chakula kinaungua. Nikachoka. Nikamwambia, Mzee, kuanzia sasa mteja atakuandikia wewe mwenyewe, na wewe umjibu kwa kifupi, tena kwa lugha yake, hawa watu wa Kigali wanapenda Kinyarwanda safi. Hayo ni maneno yangu. Hukuwepo siku hiyo, ulikuwa sokoni unapiga picha za meza.

Likaja lile kabati la mwalimu. Kabati la mbao ngumu ya libuyu, milango minne, mgongo wa ubao mwembamba wa tripleksi, kazi ambayo baba yako aliigusa kila alipopita. Gaspard alilifikisha mpaka mlango wa jengo, mwalimu hayupo, mlinzi akasema aliweke chini ya baraza, yeye atamwambia mwenyewe. Mlinzi akabadilishana zamu, hakumwambia mtu. Kesho yake mwalimu, aliyekuwa kwa dada yake mbali na mji, akamwandikia Gaspard maneno mawili: kabati lini? Gaspard akajibu neno moja. Ejo. Mwalimu akaelewa kesho, akaona hakuna haraka, akabaki kwa dada yake. Mvua ile ya upepo ikaingia barazani. Aliporudi, tripleksi ilikuwa imefura kama maandazi na milango haifungi, na majirani wakamwambia kabati liko hapo tangu juzi. Ndipo akaweka picha, na chini ya picha akaweka lile jibu la Gaspard watu walione.

Ulizisoma zile kejeli zote, mimi nilisoma chache nikaweka simu chini. Najua zilivyokuuma. Wewe ndiye uliyekuwa umeijenga ile sifa, picha moja moja, na watu walikuwa wanaanza kutuamini. Gaspard aliporudi ulimfuata mpaka anakoegesha, hukumpa hata nafasi ya kushuka vizuri. Mafundi walikufuata, mama wa duka la mkabala alikuwepo, vijana wa pikipiki walikuwepo. Ukamwambia mwanamke wa watu ameambiwa kesho wakati kabati limekwisha kutupwa. Ukasema, "Mzee, wewe ni muongo." Yeye akaangalia chini, akafunga mlango wa kamyo, akasema pole, akaondoka. Tangu siku hiyo hakubeba mzigo wetu.

Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Ningeweza kukushika mkono. Sikukushika, Zuhura, kwa sababu zile picha zilinichoma na mimi, na nilitaka awepo mtu mmoja wa kubeba aibu yote akaondoka nayo. Alikuwepo, akaibeba.

Leo mchana, ulipopanda kwenda kwa bibi, nilikwenda kule anakoegesha kamyo. Nilitaka tu kumaliza jambo kiutu uzima, nimwambie kwamba barabara ya Kigali tumempa kijana mwingine, asiendelee kungoja. Nilimkuta anashona turubai. Nikamwambia. Akasema yeye mwenyewe ile barabara haitaki tena, macho yamekataa, atabeba mchanga na matofali huku huku Gitambi. Halafu bila mimi kumuuliza, akasema:

"Maman Zuhura, mi sikudanganya ule maman. Kabati nilikuwa nilisha kuiacha. Aliniuliza lini, nikamuandikia ejo. Jana, njo nilikuwa nasema."

Nilikaa chini kwenye tofali. Mwanangu, wewe umesoma kwa Kinyarwanda, unaijua ejo kuliko mimi. Ni kesho na ni jana, neno ni lile lile, na kinacholiweka sawa ni maneno yanayolizunguka. Mwenye lugha haliachi peke yake. Lakini Gaspard alizaliwa Bukavu, ng'ambo huko Kongo, akazeekea huko, amerudi hapa kwenye asili yake na mvi zake, na Kinyarwanda anakiokota neno moja moja. Kwa Kiswahili chake angeandika jana, na kabati lingeingizwa ndani siku ile ile. Aliandika ejo kwa sababu nilimwambia amwandikie mteja kwa lugha yake, na kwa kifupi. Ilikuwa heshima, neno zima la heshima aliyokuwa nayo. Na sisi sote tulilisoma lile neno kwenye simu, mimi na wewe na baba yako na wale wote wa kejeli, hakuna hata mmoja aliyeligeuza upande wa pili.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile, mbele yetu sote, ayamalize. Alivuta uzi kwanza, akaukata kwa meno.

"Pale mbele ya bantu wote niseme sijui kinyarwanda? Batasema unaona, ule ni Mukongomani. Muongo anakuwaka wa hapa hapa, Maman. Mi niliogopa banirudishe kule na mudomo."

Aliona heri aitwe muongo wa hapa kuliko mgeni wa Kongo. Na sisi tunajua habari hiyo, hata kama hatuizungumzi mezani. Mimi nimezaliwa hapa Kamembe, mama yangu kazaliwa hapa, na bado kila nikiingia ofisini naipanga sentensi kichwani kabla ya kufungua mdomo, nisije nikasikia mtu ananiuliza nimetokea wapi. Wewe hukuipata shida hiyo, na namshukuru Mungu kwa hilo. Ndiyo maana hukuiona kwake. Mimi nilipaswa kuiona, nikawa nimechoka.

Kwa hiyo sikiliza. Kuacha kumpa mizigo ilikuwa sawa, kwa macho yale na turubai lile, na usimrudishe. Usije ukafika Kigali ukashikwa na huruma ukampigia simu. Huruma yangu na uchovu wangu ndivyo vilivyolowesha lile kabati kabla ya mvua. Huyu kijana mpya mchukue. Kamyo yake ina bodi ya kufunika, analeta unga na sukari, anarudi tupu, na bei yake tunaiweza. Lakini mimi sikumpenda kwa hayo. Nilimpenda kwa sababu nilimwonyesha ile meza ndefu ya watu wa hoteli akasema haiwezi, tuifungue miguu au tutafute mwingine. Wengi walioniharibia walisema ndiyo. Mchukue huyo, na siku atakayoanza kusema ndiyo kwa kila kitu, mwangalie upya. Na wateja usimwache awajibu yeye. Wajibu wewe, sentensi nzima, na siku uitaje kwa jina lake, Jumanne au Jumatano, hata kama chakula kinaungua.

Ila kumwacha mtu kazini ni jambo moja, na kumwita muongo ni jambo lingine, na haya mawili tuliyafunga kwenye turubai moja. La kwanza ni biashara. La pili ni deni, na maji yakimwagika hayazoleki, lakini mwenye kuyamwaga hawezi kupita juu yake akaenda zake Kigali.

Nimefikiria niende mimi kwa niaba yako. Ningeweza, leo hii ningemwambia samahani na yeye angesema si kitu, ndivyo alivyo. Kwa upande wangu nimekwisha kumwomba, palepale kwenye tofali, na nililia kidogo, usimwambie baba yako. Lakini neno lilitoka kinywani mwako. Basi lako linaondoka asubuhi, na pale anapoegesha ni kabla ya gare ya mabasi. Vijana wa pikipiki huwa hapo mapema, na mama wa duka hufungua mapema.

Chini ya zile picha za mwalimu andika kwamba dereva hakudanganya, kwamba ejo ilieleweka vibaya na kosa ni la duka. Ni kweli, ni la duka. Usiandike kwamba hajui lugha. Hilo aliniambia mimi, na ninakuambia wewe kwa sababu utakuwa unachagua watu, na hapa hakuna mwingine wa kulijua.

Nakupenda, na naogopa nyumba itakavyokuwa kesho mchana. Nilidhani nitajaza barua hii kwa hilo, sasa naona jua linashuka na nimezungumza makamyo tu. Utanisamehe. Ndiyo kazi iliyokulisha.

Nenda asubuhi, Zuhura. Muongo ulimwita mbele ya watu. Samahani nayo umwombe mbele ya watu hao hao. Na umwombe kwa Kiswahili, mwanangu, aweze kukujibu.

Mama yako, anayekungoja mlangoni